Nani Amekabidhiwa Kazi ya Kulinda Sahani Yetu?

Hotuba iliyotolewa Malindi katika kikao cha Siku ya Usalama wa Chakula Duniani, mbele ya wavuvi, kina mama karanga wanaokaanga na kuuza samaki, wenye vinu vya unga, walimu na maafisa wa kaunti.

Asalaam aleikum. Hamjambo nyote.

Waheshimiwa wawakilishi wadi, masheikh na wachungaji, wazee wa bandari, manahodha, na hasa nyinyi kina mama karanga mliozima majiko asubuhi hii mkaacha wateja ili mje kuketi hapa: ahsanteni sana. Kazi yangu ilikuwa ubwana afya, hapa Malindi na kule Lamu, mpaka nikastaafu. Nimekagua nyama, nimemwaga maziwa, nimefunga vibanda vya watu niliokuwa nikiwajua kwa majina, na nimekaa matangani na familia zilizopoteza mtu kwa sababu ya kitu alichokula.

Jambo nililokuja nalo ni moja. Wataalamu wanaweza kukijua kwa yakini kitu kinachotuua, wakakiandika na kukifundisha vyuoni, na sisi tukaendelea kufa nacho. Elimu hiyo hugeuka kinga siku anapopatikana mtu aliyekabidhiwa kazi ya kukizuia, akapewa vifaa vya kuifanyia, na akawa anaulizwa amefikia wapi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka kwa chakula kilichochafuka, na kwamba 420,000 hufa. Kati ya hao wanaokufa, 125,000 ni watoto wasiotimiza miaka mitano. Ukilinganisha na idadi ya watu wake, Afrika ndiyo inayoumia zaidi. Na vitu vingi vinavyowaua watoto hao vimejulikana tangu zamani.

Nitaanza na chumvi, kwa sababu chumvi ni ya huku kwetu. Ukishika barabara ya Garsen ukavuka Mto Sabaki, utapita Gongoni, kisha Marereni, na upande wa bahari utaona mashamba ya chumvi yametandazwa juani. Sehemu kubwa ya chumvi inayoliwa Kenya hii inatoka hapo. Wengi hudhani kwamba chumvi ya bahari ina iodini ya kutosha, maana bahari yenyewe inayo. Sivyo. Maji yakishakauka, iodini inayobaki kwenye chumvi ni chembe isiyofaa kitu. Sisi wa pwani tumekuwa tukiipata kwa samaki. Mtu wa milimani, ambako mvua imeosha udongo kwa karne nyingi, hakuwa na pa kuipata, na ndiyo maana rovu, ule uvimbe wa shingoni, lilikuwa ugonjwa wa kawaida huko. Rovu nalo ni sehemu inayoonekana tu. Mama mjamzito akikosa iodini, ubongo wa mtoto aliye tumboni haukui unavyopaswa, na akishazaliwa hakuna dawa ya kurudisha kilichopotea.

Hili lilijulikana lini? Mwaka 1917, katika mji wa Akron jimboni Ohio, Marekani, daktari aliyeitwa David Marine alianza kuwapa wasichana wa shule iodini kidogo, akawalinganisha na wenzao wasiopewa, na tofauti ikaonekana wazi. Uswisi ikaanza kutia iodini kwenye chumvi mwaka 1922. Jimbo la Michigan, Marekani, likafuata mwaka 1924. Hapa Kenya, sheria ya kulazimisha chumvi ya kula itiwe iodini ilikuja mwaka 1978. Kutoka 1917 hadi 1978 ni miaka 61, ndugu zangu. Hesabuni vizazi vya watoto waliozaliwa katikati hapo, huku jibu likiwa tayari limeandikwa vitabuni.

Lakini sheria ilipokuja, angalieni ilivyofanya kazi. Kiwandani kikawekwa kifaa cha kunyunyizia iodini chumvi ikipita. Shirika la viwango likapewa kazi ya kuipima. Yule mama wa Nyeri, kule milimani, hakuitwa semina wala hakuambiwa abadilishe mapishi. Alinunua chumvi yake dukani kama siku zote, na iodini ilikuwa imeshatiwa. Leo zaidi ya kaya 9 kati ya 10 nchini zinatumia chumvi yenye iodini. Nikiulizwa sera nzuri ya afya ni ipi, mimi hujibu kwa chumvi hii: kazi imewekwa mahali pamoja, mikononi mwa wachache wanaoweza kukaguliwa, na faida imeenea kwa mamilioni wasiojua hata kama wamesaidiwa.

Siwezi kuisifu chumvi hiyo mbele ya watu wa Magarini, yalipo mashamba hayo, nikanyamaza kuhusu upande wa pili. Wengi wenu mnakumbuka malalamiko ya ardhi na ya visima vilivyoingia chumvi, na jinsi Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilivyokuja kufanya uchunguzi wa hadhara, ripoti yake ikatoka mwaka 2006. Sera iliyolinda ubongo wa mtoto wa bara haikutazama maji ya kunywa ya mtoto wa Marereni. Serikali inayojua kupima iodini katika kilo ya chumvi inaweza pia kupima chumvi katika ndoo ya maji ya kisima. Vyote viwili ni afya.

Sasa sima.

Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, watu walianza kufika hospitalini macho yakiwa ya manjano na matumbo yamevimba. Hadi kufikia mwezi wa Julai wagonjwa walikuwa 317, na waliokufa 125. Walikuwa wamekula mahindi ya mashambani mwao, yaliyowekwa ndani yakiwa bado na unyevu, yakaota kuvu. Kuvu ile hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo Tanzania wanaiita sumukuvu. Inaharibu ini. Kuchemsha hakuiondoi, na kusonga sima hata iive namna gani hakuiondoi. Mbaya zaidi, punje inaweza kuonekana safi machoni na bado ikawa na sumu ndani.

Sumu hii haikuwa ngeni. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza, na uchunguzi ukaonyesha kwamba walilishwa mashudu ya njugu kutoka Brazil yaliyokuwa na kuvu. Kwa hiyo kufikia 2004 dunia ilikuwa imeijua kwa miaka 40 na zaidi. Kenya nayo ilikuwa na kiwango chake cha kisheria, sehemu 20 katika bilioni. Sheria ilikuwapo, kiwango kilikuwapo, maabara zilikuwapo. Watu 125 walikufa kwa sababu mahindi yanayotoka shambani kwenda chunguni hayapiti mbele ya mkaguzi yeyote. Kiwango kile kinamlinda anayenunua pakiti ya unga dukani. Anayevuna magunia yake manne Ganze na kuyapeleka kinuni kidogo kidogo, sheria hiyo haijui hata kama yupo. Baadaye kiwango kiliteremshwa hadi 10 katika bilioni, na nakubali kwamba hilo ni jema. Lakini kushusha namba peke yake hakumfikii mkulima huyo.

Kinachomfikia ni vitu vidogo sana. Mahindi yanatakiwa yakauke hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yaanikwe juu ya turubai, yasigusane na udongo. Yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Asiye na kifaa cha kupimia unyevu achukue chupa kavu ya kioo, atie konzi mbili tatu za mahindi na kijiko cha chumvi kavu, aitikise, kisha aiache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15, arudishe mahindi juani. Isipoganda, amekaribia, aanike tena ndipo atie ghalani. Jaribio hili halina gharama, na ningependa kila mtoto wa shule ya msingi Kilifi na Lamu alifanye darasani kisha aende kumwonyesha bibi yake.

Na kuna kinga ya shambani kabisa. Watafiti wetu wa KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, wakishirikiana na wenzao wa Nigeria na Marekani, walikusanya kuvu za aina ileile kutoka udongo wa Kenya, wakachagua zile ambazo kwa maumbile yake hazitoi sumu, wakazipaka kwenye punje za mtama zilizouliwa zisiote. Mkulima huzitawanya shambani wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua, kilo 4 kwa ekari. Kuvu zisizo na sumu hushika nafasi, zile zenye sumu zikakosa pa kukaa. Bidhaa hiyo inaitwa Aflasafe, ilisajiliwa Kenya mwaka 2015, na hutengenezwa Katumani, Machakos. Swali langu kwa maafisa wa kilimo walio hapa ni jepesi: mkulima wa Magarini akiitaka wiki ijayo, aende duka gani?

Niongeze jambo ambalo wengi hawalihusishi na chakula. Mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B akila sumu hii, hatari yake ya kupata saratani ya ini huongezeka takriban mara 30 kumliko asiye na virusi hivyo. Tangu mwaka 2001 watoto wa Kenya huchanjwa dhidi ya virusi hivyo, ndani ya ile sindano moja inayokinga magonjwa matano. Mama anayempeleka mtoto kliniki kwa chanjo hiyo amelinda ini la mtoto huyo dhidi ya mahindi atakayokula akiwa na miaka 40. Kliniki na ghala ni kazi moja.

Machi 2021 serikali ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hii. Siku chache baadaye ikayaruhusu, kwa sharti kwamba yaje na cheti cha kuonyesha hayazidi 10 katika bilioni. Malori yalikwama mpakani na kelele zilikuwa nyingi. Kisayansi hofu ile ilikuwa ya kweli, na mimi sikuilaumu. Nililolisikitikia ni kwamba marufuku huja usiku mmoja, ilhali kikaushio cha mahindi huchukua miaka kujengwa, na mwanasiasa hupenda kinachoonekana upesi. Na nani anauliza yale mahindi yaliyokataliwa huenda wapi? Mfanyabiashara aliyekopa hawezi kuyachoma moto hivi hivi. Yasiponunuliwa na serikali ili yaharibiwe, yatauzwa usiku kuwa chakula cha mifugo, ng'ombe atayala, na sumu itatokea kwenye maziwa ambayo nayo kuchemsha hakuyasafishi. Sheria inayokamata bila kufidia huihamisha sumu kutoka sahani moja kwenda kikombe kingine.

Kina mama karanga, nimekuja kwenu sasa, na hapa nitakaa.

Samaki kama jodari, nguru na vibua wana kitu mwilini ambacho bakteria hukigeuza kuwa histamini. Samaki akikaa kwenye joto, kazi hiyo huanza mara tu anapokufa, na jua la Malindi huiharakisha. Mlaji huwashwa, uso huiva mwekundu, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio, wakati mwingine huharisha. Watu husema amerogwa, au ana mzio. Yule samaki anaweza kuwa hanuki. Na histamini ikishaingia mwilini mwa samaki, mafuta yanayochemka hayaitoi, wala chumvi haiitoi, wala kumwanika akawa ng'onda hakuitoi. Dawa ni moja: barafu, kuanzia ndani ya chombo baharini, samaki abaki karibu na nyuzi 0.

Mama zetu waligundua kukaanga samaki papo hapo kabla hata ya mtu kutufundisha habari za bakteria, na kukaanga mapema kumeokoa wengi. Ni elimu, na naiheshimu. Lakini tazameni foleni ya ufuoni. Chombo kikifika, mwenye kreti na barafu, anayeuzia hoteli na soko la nje, huchagua kwanza. Mama karanga hupata samaki wa mwisho, amekaa juani tangu asubuhi, na ndiye samaki anayeenda majumbani mwa watu wengi kuliko yule wa hoteli. Kisha mama huyo akiuza samaki aliyemdhuru mtu, bwana afya humwendea yeye. Nilifanya hivyo kazini kwa sababu ndivyo kazi ilivyopangwa, na nasema hapa kwamba ilipangwa vibaya. Kosa lilitokea muda mrefu kabla samaki hajafika mikononi mwake.

Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria zaidi ya mara moja, kwa ajili ya bakteria, kwa hofu ya kipindupindu, na kwa samaki waliovuliwa kwa sumu za kuulia wadudu. Viwanda vilifungwa, watu wakakosa kazi. Serikali tatu za Afrika Mashariki zikaamka: ukaguzi ukapangwa upya, maabara zikaimarishwa, fukwe za kupokelea samaki wa nje zikajengewa sakafu, maji na barafu. Iliwezekana kwa sababu mnunuzi alisema hapana na fedha zikasimama. Samaki wa kwenda Ulaya akapata maabara. Samaki wa kwenda kwa mtoto wa Kisumu Ndogo hapa Malindi akabaki na macho ya bwana afya na pua yake. Mimi naona mtoto huyo anastahili kipimo kilekile anachopewa mtu wa Madrid, na sitaomba radhi kwa kusema hivyo.

Lipo jambo la cheti. Kanuni zinataka kila anayeshika chakula cha biashara apimwe afya kila baada ya miezi sita. Mnalipa, mnapimwa, mnapigiwa muhuri. Kipimo cha choo cha Januari hakisemi lolote kuhusu mikono ya Machi. Mikono ya Machi inasafishwa na bomba lenye maji na sabuni, na masoko yetu mengi hayana bomba hilo, wala choo ambacho mwanamke anaweza kuingia bila kuona haya. Tunakusanya ada ya cheti kutoka kwa mtu tuliyemnyima maji ya kunawa. Ningependa kila shilingi ya cheti ijulikane imeenda kwenye bomba gani.

Niseme pia kuhusu kasa, kwa sababu humu ndani wamo watu wa Lamu, wa Pate na Kizingitini, na wana jamaa Pemba. Novemba 2021 watu saba walikufa Pemba baada ya kula nyama ya kasa. Machi 2024, katika Kisiwa Panza hukohuko Pemba, wakafa tena watoto wanane na mtu mzima mmoja, na wengine wengi wakalazwa. Kasa mzima wa afya anaweza kubeba sumu mwilini mwake. Haionekani, haina ladha, moto hauiui, na hospitali haina dawa ya kuivunja. Watoto huangamia kwanza, na sumu hupita hata kwenye maziwa ya mama anayenyonyesha. Sheria ya Kenya ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamlinda kasa, na faini yake ni kubwa. Lakini nimesikia vijiweni Lamu watu wakisema serikali inawapenda kasa kuliko watu. Wamesema hivyo kwa sababu aliyeleta sheria alileta askari, hakuleta daktari. Angekuja mtu wa afya akaketi msikitini baada ya Ijumaa akaeleza yaliyotokea Panza, nyama ile ingeachwa kwa hiari, na kasa angepona pia.

Sasa haya yote ni kazi ya nani? Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha kilicho na ubora unaokubalika. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora na habari za kuzitumia. Na Jedwali la Nne limeandika waziwazi kwamba kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouzia umma chakula ni kazi ya serikali ya kaunti. Nairobi inaweka viwango. Mlango wa soko uko chini ya kaunti. Bwana afya wa Malindi leo akitaka kujua kama unga una sumu, sampuli yake inaenda kwa Mkemia wa Serikali Mombasa, kilomita 120 hivi, na majibu yakirudi unga ulishaliwa.

Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na kitu kisichokuwa ndani yake ni vigumu sana kupata fedha mwaka unaofuata. Kabla ya hapo kuna vikao vya wananchi kutoa maoni. Nendeni. Msiende kuomba "usalama wa chakula", maana neno hilo pana mno na afisa ataliandika kisha alisahau. Ombeni mashine ya barafu katika ufuo mnaoutaja kwa jina, na iandikwe kwamba mama karanga atauziwa barafu kwa bei moja na tajiri. Ombeni kipima unyevu katika kila kinu cha unga, na vifaa vya kupimia aflatoksini vya kukaa hapa Malindi, vile vinavyotoa jibu siku hiyohiyo. Ombeni maji sokoni. Ombeni matokeo ya ukaguzi yabandikwe mlangoni mwa soko kila mwezi, yasomwe na kila mtu. Kisha muulizeni afisa jina la mtu atakayesimamia kila kimoja, na tarehe ya kurudi kutoa hesabu.

Mheshimiwa mwakilishi wadi yuko hapa mbele, na ameniambia atajibu maswali. Nawaomba kina mama waanze.